Nauli ya Kurudi Shambani

Ndugu wakulima, sisi wa Kimara tuliobaki na vijishamba vya muhogo ni majirani wa Chuo Kikuu, pale Mlimani. Akija mhadhiri kuomba mizizi ya kupima ugonjwa wa michirizi ya kahawia, mpeni. Lakini muulizeni: majibu utaleta lini? Maana shina laweza kuonekana zima, kumbe muhogo umeoza ndani. Jibu likichelewa tunapanda tena pingili zenye ugonjwa. Mimi niliwahi kutoa tenga zima, mpaka leo kimya!

Wahadhiri huomba fedha za utafiti COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Basi, ndugu mhadhiri, katika andiko lako weka na nauli ya kurudi Kimara. Tena shirikiana na watafiti wa muhogo wa Kibaha, barabara hii hii ya Morogoro, ili ukija na majibu uje na pingili safi.