Dawa Ipo, Lakini Hajichomi
Mada kwa kamati za diakonia za sharika, Babati mjini



Tukizungumzia mabinti wenye kisukari aina ya kwanza, swali la kwanza huwa: insulini imepatikana? Ni swali la haki, maana bila dawa hiyo hawaishi. Lakini wapo wenye dawa nyumbani ambao hawajichomi. Leo nazungumzia hao.

Kabla ugonjwa haujagundulika binti hukonda sana, kwa kuwa sukari hupotea kwenye mkojo. Akianza insulini mwili hurudi. Sisi tunashangilia, yeye anasikia "umenenepa!" kila atokapo ibadani (kwetu hiyo ni pongezi, najua). Mezani nako kila kijiko chake kinahesabiwa. Siku moja anagundua kwamba akiruka sindano, anakonda. Gauni la kipaimara likikaribia, anaruka tena. Wengine hushinda na njaa mchana, kisha usiku wanakula kwa pupa na kwa kujificha.

Kukonda huko ndiko kulikoua watoto kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipochomwa insulini kule Toronto, Kanada. Asidi hujaa kwenye damu. Binti akitapika, akipumua kwa kasi na kwa kina, pumzi ikinuka kama matunda, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Tutamwombea tukiwa njiani.

Kumgombeza hakusaidii. Akigombezwa ataandika namba za uongo kwenye daftari la vipimo, na daktari atapanga dozi kwa uongo huo. Aulizwe kwa upole, faraghani: "Mwanangu, sindano imekuwa mzigo?" Tena tutofautishe. Yuko anayepunguza dawa kwa kuogopa unene, na yuko anayepunguza kwa sababu nyumbani hakuna chakula, naye anaogopa sukari isishuke mno. Huyu wa pili anahitaji debe la mahindi, si ushauri nasaha.

Kwaresima nayo ina hatari yake. Mfungo unaweza kuwa maficho mazuri kwa binti asiyetaka kula. Asifunge bila daktari wake kujua.

Naomba bajeti ijayo iwe na fungu la nauli ya kliniki kwa binti na mzazi mmoja. Pia kila kamati imteue mama mmoja anayetunza siri. Majina ya mabinti hawa yasisomwe kwenye matangazo ya kanisani.