Mchango wa Kila Mwaka kwa Shule Jirani: Ahadi ni Deni

(Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Tunduma)



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya mchango wetu wa kila mwaka kwa shule ya msingi iliyo jirani nasi. Sikuchaguliwa kwa sababu ya elimu yangu, kwani mimi niliishia kidato cha nne, kisha nikaingia dukani kwa baba. Nimechaguliwa kwa kuwa ndimi mtunza daftari la mchango huo tangu ulipoanza. Kwa hiyo nitasema kama mtunza daftari asemavyo: tulichotoa, tulichokosea, na tunachodaiwa.

Majirani zetu wengi huona taa na kusikia fataki zetu za Diwali, lakini huenda hawajui kwamba kwa sisi Wagujarati sikukuu hiyo ndiyo siku ya kufungua vitabu vipya vya hesabu. Mfanyabiashara huleta daftari lake jipya mbele ya Lakshmi, Ganesh na Saraswati, huandika ukurasa wa kwanza maneno ya heri na faida, kisha huomba baraka. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan. Huitwa pia Sharda Pujan, na Sharda ni jina jingine la Saraswati, mlinzi wa elimu. Wazee wetu hawakutenganisha kitabu cha duka na kitabu cha shule. Waliviweka vyote chini ya baraka moja. Nawaombeni mlishike hilo, maana nitalirudia mwishoni.

Mwaka 2016 Serikali iliondoa ada na michango ya lazima katika shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne. Lilikuwa jambo jema, na watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walimiminika shuleni. Hapa kwetu walimiminika zaidi, kwa kuwa mji wenyewe ulikuwa ukifurika. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Tunduma chini ya watu 100,000. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi 200,000. Sote tunajua walivyokuja: kwa malori, kwa reli ya TAZARA, kutoka Mbozi, Momba na Ileje, na hata kutoka mikoa ya mbali, kila mmoja akitafuta riziki mpakani. Na kila aliyekuja alikuja na watoto.

Serikali hupeleka shuleni ruzuku iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Mimi ni mtu wa hesabu, nikaigawa fedha hiyo kwa siku 194 za masomo. Nikapata shilingi 50 na ushei kwa mtoto kwa siku. Kwa fedha hiyo inunuliwe chaki, ichapwe mitihani, litengenezwe dawati lililovunjika. Sisemi hivi kwa kuilaumu Serikali, ambayo pia hulipa mishahara na kujenga madarasa. Nasema ili tujue kwamba pengo lililobaki ni la kweli, na lina ukubwa ambao watu kama sisi tunaweza kuuziba.

Tulipoanza kusaidia, tulisaidia vibaya. Nakiri hilo mbele ya walimu. Tulitoa tulipojisikia kutoa. Mwaka mmoja tulipeleka madawati, tukapiga picha. Mwaka uliofuata mtu akapendekeza jezi za mpira, tukapeleka jezi. Baadaye tukapaka rangi ukuta unaotazama barabara, kwa sababu ndio unaoonekana. Siku moja Mwalimu Mkuu wa wakati huo alikuja dukani kwangu kununua misumari. Nikamuuliza kwa kujisifu kidogo: "Mwalimu, mwaka huu mnahitaji nini kikubwa?" Akanijibu kwa adabu: "Mzee, hatuhitaji kikubwa. Tukijua tu mtatoa nini na lini, hata kiwe kidogo, tutapanga."

Jibu hilo lilinikaa moyoni. Mimi mwenyewe siwezi kuendesha duka ikiwa sijui mzigo utafika lini. Mteja anunuaye kidogo kila mwezi ni bora kwangu kuliko yule anunuaye kingi mara moja kisha akapotea miaka mitatu. Iweje basi tuitake shule iendeshe mambo yake kwa bahati?

Tukakubaliana utaratibu ambao mnaufahamu. Kila familia huahidi kiasi chake wakati wa Diwali, kwa siri au kwa wazi, kadiri ya uwezo. Nusu hulipwa kabla ya mwezi Desemba kwisha, ili shule ifunguliwapo Januari chaki na karatasi ziwe zimekwisha kufika. Nusu ya pili hulipwa kabla ya Juni kwisha. Hiyo ni kwa ajili ya uji.

Niruhusuni nieleze habari ya uji, maana hapo ndipo faida ya kutoa kwa mwaka inapoonekana. Katika mkoa wetu wa Songwe mahindi huvunwa kuanzia mwezi wa tano na wa sita. Januari hadi Machi ni miezi ya mvua. Mahindi yangali shambani, na ghala za wengi zimekwisha. Ndiyo miezi ambayo mtoto hutoka nyumbani bila kula. Kikombe kimoja cha uji kinataka unga gramu 50 hivi. Watoto 400 wa darasa la kwanza na la pili, kwa siku 60 za masomo, hunywa vikombe 24,000. Hizo ni kilo 1,200 za unga wa dona, yaani magunia 12 ya kilo mia. Magunia 12 tu! Lori moja kati ya hayo yanayopanga foleni hapo barabarani hubeba mara nyingi zaidi ya hayo.

Lakini magunia hayo yanataka kununuliwa Julai, wakati wa mavuno, yakaushwe vizuri, yafungwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi asiyasage kabla ya mashine. Anayetoa kwa huruma ya ghafla hutoa Februari, anapomwona mtoto mwenye njaa, na Februari hununua kwa bei ya Februari. Anayetoa kwa ahadi hununua Julai, kabla njaa haijaonekana. Shilingi ni ile ile, lakini ya pili hulisha watoto wengi zaidi.

Sasa nakuja kwenye ukurasa wa daftari ambao ningependa usingekuwapo.

Mwaka 2020 shule za msingi nchini zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Katikati, mwezi Mei, wenzetu wa Zambia waliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda. Malori yalisimama, na maduka yetu yakasimama nayo. Ilipofika Julai tulikutana hapa hapa. Tulisema biashara ni mbaya, na ilikuwa mbaya kweli. Tulisema shule ndiyo kwanza zimefunguliwa, ununuzi wa mahindi tuuahirishe hadi hali itengemae. Hakuna aliyepinga. Mimi mtunza daftari sikupinga. Hali ilipotengemaa, fedha tuliyoiahirisha ilikwisha kuingia katika mambo mengine ya kila mmoja wetu.

Januari 2021 masufuria ya shule yalikuwa matupu. Asubuhi moja ya Februari, karibu na duka langu, niliwakuta watoto watatu wakizoa mahindi yaliyomwagika kutoka kwenye lori, wakiyatenga na mchanga, wakiyatia ndani ya mfuko wa daftari. Mmoja alivaa sare. "Shikamoo, babu," akasema. Nikamwitikia marahaba, nikamuuliza mbona hayuko shule. Akajibu bila lawama yoyote: "Uji hamna."

Ndugu zangu, sikuwa na la kumwambia. Nilijua kwa nini uji haukuwapo. Sababu yake ilikuwa katika daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Tukachangishana haraka, tukapata magunia 6. Yalifika mwezi wa tatu. Yule mwenye sare alirudi darasani. Wenzake wawili sikuwaona tena, wala sikujua majina yao.

Tangu siku hiyo nimeacha kuuita mchango huu hisani. Waswahili husema ahadi ni deni, na mfanyabiashara hachagui mwaka wa kulipa deni. Tuliwalipa waliotuuzia mali mwaka 2020, ijapokuwa kwa taabu. Tuliwalipa kwa sababu wangekuja kutudai. Mtoto wa darasa la pili haji kudai. Hiyo ndiyo tofauti pekee, nayo haitupi haki ya kumweka nyuma.

Huenda kijana miongoni mwetu akauliza: shule hiyo inatuhusu nini, ilhali watoto wetu wengi wanasoma kwingine? Nitamjibu kwa historia. Wazee wetu katika Afrika ya Mashariki walikuwa watu wa kujenga shule. Allidina Visram, ndugu yetu Mwismailia kutoka Kutch, ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hadi Uganda, alifariki mwaka 1916. Shule yenye jina lake ikafunguliwa Mombasa mwaka 1923. Hata hivyo tuseme kweli: enzi ya ukoloni shule zilitengwa kwa rangi, na wazee wetu wengi walijenga kwa ajili ya watoto wao. Hapa kwetu utengano huo ulikomeshwa baada ya Uhuru, na mimi nilikaa dawati moja na watoto wa makabila yote. Lakini hata kabla ya hapo walikuwapo walioona mbali. Mahatma Gandhi alipouawa mwaka 1948, Wahindi wa Afrika ya Mashariki, wenye maduka makubwa na madogo, walichangishana ili kujenga chuo cha kumbukumbu yake. Chuo hicho kiliunganishwa na Chuo cha Ufundi cha Nairobi, kilichopokea wanafunzi wa rangi zote, na ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Huo ndio urithi ninaopenda tuufuate.

Nina mambo machache ya utaratibu. Mchango wetu upite katika Kamati ya Shule, upewe stakabadhi, na hesabu yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa hekalu. Usiondoe wajibu wa wazazi: wao huleta kuni na kulipa mpishi, na heshima yao katika jambo hili ni sawa na yetu. Usiandikwe jina la mtu ukutani. Wenye biashara wakumbuke pia kwamba Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatambua michango ya hisani na ya maendeleo ya jamii hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Waulizeni wahasibu wenu, mtunze na stakabadhi.

Mwisho, nina ombi. Kamati ya hekalu imependekeza kwamba fedha zitakazobaki baada ya maadhimisho haya zitumike kuweka marumaru mpya. Mimi napenda marumaru. Hekalu ni nyumba ya Mungu na linastahili kupendeza. Wazee waliolipendekeza wamelijenga hekalu hili kwa jasho lao, na sitaki kubishana nao. Naomba jambo moja tu: kabla ya marumaru, itengwe akiba ya mwaka mmoja wa shule, yaani magunia 12 pamoja na chaki na karatasi, isiyoguswa ila katika mwaka ambao biashara zetu zimeanguka. Mwaka wa namna hiyo utakuja tena. Mpaka ukifungwa kesho, waumini tutaweza kusali juu ya sakafu ya zamani. Mtoto hawezi kunywa uji wa mwaka uliopita.

Na Diwali ijayo, tutakapofungua madaftari mapya mbele ya Saraswati, baada ya maneno ya heri na faida, mstari wa kwanza wa matumizi uwe wa shule. Tukiuandika mwishoni, tutautoa katika masalio, na masalio huwa hayapo. Tukiuandika mwanzoni, tutakuwa tumekwisha kuulipa moyoni.

Daftari langu nimelileta. Liko mezani pale karibu na mlango, pamoja na ukurasa wa mwaka 2020. Mwumini au jirani yeyote anakaribishwa kulisoma.

Mungu awabariki walimu wetu, awakuze watoto wetu, na aulinde mji wetu.  Jai Shri Krishna.