Sigiri ndani ya nyumba usiku

 

Sisi tuliokaa Mbale kabla ya kuja kambini tunaijua baridi inayoteremka usiku kutoka Wanale na Mlima Elgon. Mtu anaingiza sigiri ndani, anafunga mlango, analala. Mimi pia nilifanya hivyo. Niliamka kichwa kikiniuma kama kinapasuka, miguu haina nguvu, nikatambaa mpaka nje. Nikadhani ni malaria.

Haikuwa malaria. Makaa yanapoungua hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wengine husema yale makaa ya kufinyanga, ya vumbi la makaa na uji wa muhogo, hayana moshi, basi hayana neno. Si kweli. Yanaungua polepole, na sumu inatoka muda wote. Ulaya wapo wanaopasha nyumba joto kwa vidonge vya unga wa mbao, lakini majiko yao yana bomba la kutoa moshi nje. Sigiri yetu haina.

Kwa hiyo kabla ya kulala itoeni nje, hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Ukitaka joto, tia maji ya moto katika chupa, funga vizuri, izungushie kitambaa, weka miguuni.

Ukimkuta mtu amelegea au anatapika karibu na sigiri, mtoe nje kwanza, ndipo mkimbilie kituo cha afya. Mwambieni daktari kwamba kulikuwa na sigiri ndani, asije akatibu malaria peke yake.