Picha za Waigizaji na Mwili wa Binti Yako

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

Mimi ni muuguzi, na leo naomba ukae karibu na redio kwa dakika chache. Kama unachambua mboga, endelea kuchambua. Ninahitaji masikio tu.

Miaka michache iliyopita aliletwa kwetu msichana wa kidato cha pili. Alikuwa ameanguka shuleni asubuhi, wakati wa paredi. Mama yake alikuwa na hasira kuliko hofu. Binti hakuwa ameona hedhi kwa miezi mitatu, na mama alikuwa ameshaamua moyoni kwamba ni mimba. Njiani alikuwa amemtukana, na nadhani alikuwa pia amempiga. Tukapima. Hakukuwa na mimba. Tukapima damu, tukakuta imepungua sana. Tukampandisha kwenye mizani, na hapo hata mama akanyamaza.

Nilimwomba mama atoke nje kidogo. Binti akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kwa majuma mengi chakula cha mchana alikuwa akimpa rafiki yake. Usiku alisema amekula shuleni, ameshiba. Asubuhi alikunywa chai ya rangi. Ndani ya daftari la hesabu alikuwa amekunja picha iliyokatwa kwenye gazeti, ya mwigizaji wa filamu mwenye kiuno cha nyigu. Akaniambia, "Nataka kuwa hivi." Nikamuuliza, "Umewahi kumwona mtu huyu?" Akajibu, "Kwenye picha."

Tulimpa vidonge vya madini ya chuma, tukazungumza na mama, tukapanga arudi kila juma kupimwa uzito. Lakini lile jibu halikunitoka. Kwenye picha. Basi leo tuzungumze kuhusu picha zenyewe, maana wengi wetu tunawakemea mabinti bila kujua wanachokiangalia kimetengenezwaje.

Mama, unakumbuka studio za picha za zamani? Mpiga picha alikuwa na pazia limechorwa bahari, minazi na pengine ndege. Ulisimama mbele yake na viatu vya kuazima, ukapigwa picha, ukampelekea mama mkwe. Hakuna aliyedhani umetoka Mombasa. Kila mtu alijua pazia ni pazia. Yale yalikuwa mapambo ya haki, kwa sababu anayetazama na anayetazamwa walikuwa na siri moja.

Picha za kuuza filamu, magazeti na vipodozi ni jambo jingine. Humo pazia linafichwa. Kabla ya kompyuta, mafundi walitumia brashi ndogo na kifaa cha kupuliza rangi kwa hewa, wakafuta mikunjo na kuchonga viuno juu ya picha yenyewe. Mwaka 1990 programu ya Photoshop ilianza kuuzwa, kazi ikawa rahisi zaidi, na ndiyo maana vijana wetu husema picha "imefotoshopiwa". Siku hizi binti hahitaji hata fundi. Filta iko ndani ya simu, inamlainisha uso na kumwongezea macho kabla hajabonyeza kitu.

Nikupe mifano. Oprah Winfrey wengi wetu tunamjua. Mwezi Agosti mwaka 1989, gazeti moja la Marekani la mambo ya televisheni, TV Guide, lilimweka kwenye jalada akiwa amevaa gauni la kung'aa. Kichwa kilikuwa chake. Mwili ulikuwa wa mwigizaji mwingine, Ann-Margret, uliochorwa kutokana na picha aliyopigwa miaka ya nyuma. Jiulize: mwanamke tajiri na maarufu kama Oprah, naye pia mwili wake haukutosha! Mwaka uliofuata, 1990, ilitoka filamu ya Pretty Woman. Kwenye bango la kuitangaza, uso ni wa Julia Roberts, lakini mwili ni wa mwanamke mwingine. Msichana aliyefunga kula ili afanane na bango lile alikuwa akimfuata mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Huyo huyo Julia Roberts, mwaka 2011, tangazo lake la fondesheni ya uso lilipigwa marufuku nchini Uingereza. Shirika linalosimamia matangazo huko liliitaka kampuni ithibitishe kwamba picha ile inaonyesha kweli kazi ya fondesheni hiyo, na kampuni haikuweza. Yaani ngozi ile ililainishwa na kompyuta, nawe unaambiwa ununue chupa.

Mwaka 2003 gazeti la wanaume la Uingereza lilimpunguza Kate Winslet miguu kwenye jalada, naye akasema hadharani kwamba yeye hayuko hivyo wala hatamani kuwa hivyo. Mwaka 2004 Keira Knightley, ambaye ni mwembamba kabisa, aliongezwa kifua kwenye bango la filamu ya King Arthur. Mnene kidogo anapunguzwa, mwembamba anaongezwa. Sasa niambie wewe, mwili unaotakiwa ni upi? Mimi nimeutafuta sijauona. Mtu aliyeridhika na mwili wake hanunui krimu, chai ya kupunguza tumbo wala mkanda wa kubana kiuno, na hilo wafanyabiashara wanalijua vizuri.

Na usidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Lupita Nyong'o ni binti wa Kenya, aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka 2014. Mwezi Novemba mwaka 2017 gazeti la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada, na nywele zake za asili zilizofungwa nyuma zikafutwa, na zilizobaki zikalainishwa. Lupita hakunyamaza. Alizionyesha picha zote mbili, ile halisi na ile ya jalada, akaeleza kwamba nywele zake zimeondolewa ili afae macho ya watu wengine. Gazeti likaomba radhi, na mpiga picha pia akaomba radhi.

Lakini kuna jambo jingine la Lupita ninalotaka ulisikie, maana linatuhusu sisi akina mama. Mwaka 2014, katika hotuba aliyoitoa Marekani, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe zaidi. Kila asubuhi alikimbilia kioo. Mama yake akawa anamwambia kwamba uzuri hauliwi, haushibishi mtu. Mtoto hakuelewa wakati huo. Baadaye alimwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi kama yeye, akisifiwa duniani, na hapo akaanza kujiona upya. Maneno ya mama yalikuja kumwingia ukubwani. Kwa hiyo usichoke kusema hata kama unaona hayaingii.

(Muziki mfupi.)

Labda unasema, "Binti zetu wanakula ugali vizuri, hayo ya kufunga kula ni ya Ulaya." Na watu wa Fiji, visiwa vilivyo mbali katika bahari ya Pasifiki, walisema hivyo hivyo. Huko mwili mnene ulisifiwa, kama ambavyo huku kwetu bibi harusi mwenye mwili alisifiwa. Televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Daktari Anne Becker wa Marekani aliwauliza wasichana wa sekondari hapo mwanzoni, na hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Aliporudi mwaka 1998, miaka mitatu tu baadaye, zaidi ya mmoja katika kila kumi walikuwa wanajitapisha. Wasichana wenyewe walimweleza kwamba walitaka kufanana na waigizaji wa kwenye televisheni.

Hapa kwetu mambo yana sura nyingi, na ndiyo maana yanatuchanganya. Yupo binti anayetaka kukonda. Yupo anayetaka nyonga kubwa kama za kwenye majalada ya filamu za Nigeria, naye anauziwa vidonge vya kunenepa. Vingi vya vidonge hivyo ni dawa za mzio na dawa za jamii ya steroidi, zinazoongeza hamu ya kula na kujaza maji mwilini. Ukimeza steroidi muda mrefu bila daktari, sukari na shinikizo la damu vinaweza kupanda, na ukiacha ghafla unaweza kuzidiwa vibaya. Hizo chai za kupunguza tumbo nazo, nyingi zina majani ya sena. Sena ni dawa ya kuharisha. Unachopoteza chooni ni maji na chumvi, mafuta yanabaki pale pale.

Na yupo anayejichubua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu akina mama nasi tumo. Krimu nyingi za kujichubua zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilizipiga marufuku, lakini bado zinauzwa, nyingine bila hata maandishi ya viungo vyake. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto tumboni. Mama anayejipaka kisha akamshika mtoto, humgusisha pia. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, na kidonda huchelewa kupona. Kama unatumia krimu ya namna hii, usione aibu kuja kwetu. Njoo nayo mkononi tuione. Na usiache ghafla peke yako, maana ngozi inaweza kuwaka na kukutisha, ukairudia.

Wewe uliyejifungua juzi, nawe nina neno lako. Umeona mwigizaji amezaa na baada ya majuma machache tumbo limelala, basi umetafuta mkanda na umepunguza chakula. Tumbo lilichukua miezi tisa kukua, lipe muda. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida, kama mlo mmoja mdogo wa ziada kila siku. Uji wa wimbi na maziwa, maragwe, yai, viazi vitamu. Anayekuambia ukonde haraka hamnyonyeshi mtoto wako.

Sasa nyumbani tufanye nini? Kwanza tusikilize midomo yetu. Sisi tukisalimiana tunasema, "Wee, umenona!" na tunamaanisha heri. Binti wa miaka kumi na minne hasikii heri. Anasikia hukumu, na usiku analala nayo. Tunamwita mmoja Kibonge mbele ya wageni. Kitoto cheupe kinabebwa na kila shangazi, kile cheusi kinaachwa mkekani. Nami nimewahi kufanya hivyo, siwezi kujitoa. Basi binti akikutana na tangazo la krimu, somo alishaanza kulipata nyumbani.

Pili, mkae pamoja mbele ya televisheni au simu, mcheze mchezo wa kutafuta uongo. Tazameni bango: ngozi hii haina hata tundu la nywele, je, kuna binadamu wa hivyo? Mwambie akuonyeshe jinsi filta inavyofanya kazi. Mkaribishe aijaribu kwenye uso wako. Mimi binti yangu alinifanya nikawa na miaka ishirini, tukacheka hadi jirani akaja. Unaweza pia kumtolea zile picha zako za studio. Usimkataze kutazama sinema, maana atatazama kwa jirani. Na waonyeshe waigizaji wenye miili ya watu. Mama Kayai wa Vitimbi, kule KBC, alituchekesha miaka na miaka, na hakuna aliyezima televisheni kwa sababu ya kiuno chake.

Tatu, fungua macho bila kupeleleza. Binti anaruka mlo mmoja baada ya mwingine. Anakwenda choo mara tu baada ya kula, kila siku. Anavaa sweta kubwa juani. Nywele zinakatika, anasikia baridi, kizunguzungu, hedhi imekoma. Tafadhali mama, hedhi ikikoma usianze na fimbo. Mimba ni sababu mojawapo, njaa nayo ni sababu. Mlete tumpime, au mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, atakuelekeza. Akijitapisha au akikataa chakula kwa siku kadhaa, usingoje juma liishe.

Chakula cha kurudisha damu kiko shambani na sokoni kwetu. Kunde, managu, terere, maragwe, omena, na nyama ukipata. Mpe pamoja na chungwa au nyanya, ili madini ya chuma yaingie vizuri. Chai ingoje kama saa moja baada ya chakula, maana chai huyazuia madini hayo. Hili la chai najua ni gumu kwetu, hata mimi linanishinda siku nyingine.

Yule binti wa daftari la hesabu alirudi kila juma, kwa miezi. Mara ya kwanza alikuja na mama yake wakiwa wamenuniana. Baadaye walikuja wakigawana mahindi ya kuchoma njiani. Hedhi ilirudi. Siku ya mwisho nilimuuliza picha iko wapi. Akasema bado anayo, ila siku hizi anaitumia kuweka alama kwenye kitabu.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza kuhusu kuhara kwa watoto wa chini ya miaka miwili. Uwe na kijiko, kikombe na chumvi karibu. Kwaheri kwa sasa.

(Muziki wa kipindi unapanda.)