Gazeti la Wachache Linaposemea Wengi

Wazee wetu, akina mama, vijana, ndugu wote mlioacha makwenu kwa ajili ya vita,

Leo tuongee juu ya magazeti ya Waislamu katika nchi ambamo wao ni wachache. Gazeti la namna hiyo lina njia mbili. Laweza kuwafundisha wasomaji wake kumwogopa jirani. Au laweza kuwaonyesha kwamba machozi ya jirani ni kama yao.

Tuchukue mfano wa Afrika Kusini, ambako Waislamu hawafiki 3 kwa mia. Mwaka 1960 lilianzishwa mjini Cape Town gazeti liitwalo Muslim News. Mmoja wa wahariri wake alikuwa Imam Abdullah Haron. Wakati huo serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa ikihamisha watu kwa nguvu. Mwaka 1966 mtaa wa District Six ulitangazwa kuwa wa wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, Waislamu na Wakristo pamoja. Ninyi mnajua uchungu huo.

Imam alipinga ubaguzi huo hadharani. Alikwenda pia kuwatembelea Waafrika weusi wa Langa, Nyanga na Gugulethu. Mwezi wa tano 1969 polisi walimkamata. Baada ya siku 123 alifia mikononi mwao, nao wakadai kwamba alianguka ngazini. Baadaye gazeti liliandika juu ya ubaguzi, hata matoleo yake kadhaa yakapigwa marufuku. Mwaka 2023 mahakama ilitamka ukweli: Imam aliuawa kwa mateso.

Ndugu zangu, wachache wakijililia wenyewe tu, wengi hawatawasikiliza. Wakisema ukweli kwa ajili ya wote, sauti yao ndogo inafika mbali.

Nasi tunaweza kufanya hivyo, hata bila gazeti. Habari ikiingia kambini, kwamba "wale" wamefanya hivi au vile, tuulize kwanza: Nani aliona kwa macho yake? Upande wa pili unasemaje? Tukiisambaza, nani ataumia? Viongozi, msiipitishe kabla ya kupata majibu. Uvumi mmoja unaweza kuchoma kijiji kizima.

Mungu atujalie amani.