Kompyuta Inayozimika Kila Mara: Tutafute Chanzo Kwanza



Leo mmetuomba tuzungumze juu ya kompyuta. Siku hizi vikundi vingi vina kompyuta moja, na mara nyingi imekaa nyumbani kwa katibu au kwa mweka hazina. Humo ndimo mmeandika hisa za kila mwanachama, mikopo na faini. Basi ikianza kuzimika ovyo, hilo si shida ya katibu peke yake. Mama anayeweka shilingi mia mbili kila wiki akiambiwa "mashini imepoteza", atajiuliza kama ni mashini kweli au ni mtu. Na vikundi vimevunjika kwa neno kama hilo.

Tunalotaka mlishike ni hili: kuzimika mara moja kunaweza kuwa ajali, lakini kuzimika mara kwa mara kuna chanzo, na chanzo hupatikana kwa utaratibu. Tusikimbilie kununua nyingine. Wala tusimruhusu fundi afute kila kitu na kuweka Windows upya kabla hajatuambia ugonjwa ni nini.

Kwanza, okoeni hesabu. Kabla ya kugusa chochote, nakilini hesabu zote kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa mwenyekiti, nyingine kwa mtu mwingine, wala zisiachwe zimechomekwa kwenye kompyuta. Na lile daftari la karatasi msilitupe. Daftari halihitaji stima.

Pili, fungueni ukurasa wa ugonjwa. Kila ikizimika, andikeni tarehe, saa, kazi iliyokuwa ikifanywa, na namna ilivyozimika. Je, ilikufa ghafla kama stima imepotea? Ilileta skrini ya buluu yenye maandishi (katika Windows 11 ya karibuni ni nyeusi)? Au iliganda tu, haisongi mbele wala nyuma? Maandishi hayo yapigeni picha kwa simu. Baada ya juma moja au mawili mtaanza kuona njia.

Tatu, chunguzeni kitu kimoja kimoja. Si mnajua chai? Ukibadilisha majani, maziwa na sukari siku moja, hutajua ni nini kilichoiharibu. Hapa pia ni hivyo hivyo. Badilisheni kitu kimoja, ngojeni siku chache, andikeni.

Anzeni na stima. Kwetu Kenya stima inayofika nyumbani inatakiwa iwe volti 240, lakini vijijini hupanda na kushuka, hasa kinu cha posho kikiwashwa kwenye laini hiyo hiyo. Chomekeni kompyuta moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Kisha ijaribuni kwa jirani aliye kwenye laini nyingine. Ikitulia huko, shida ni stima ya nyumbani, na dawa ni stebilaiza au betri ya akiba, ile inayoitwa UPS. Kama ni laptopu, itumieni kwa betri peke yake. Ikitulia, shukuni chaja.

Halafu joto. Ikizimika baada ya nusu saa, tena mchana kwenye jua kali, na ukiishika ni moto, huenda vumbi limeziba feni. Kompyuta ikipata joto kupita kiasi hujizima yenyewe isiungue. Chomoeni waya, bonyezeni swichi ya kuwasha kwa sekunde chache ili stima iliyobaki iishe, kisha fungueni ubavu. Pangusani vumbi kwa brashi laini iliyo kavu, huku mmeshika feni kwa kidole isizunguke. Msipulize kwa mdomo, kwa maana mate yanaingia. Na lile sanduku la chuma linaloingia waya wa stima, hilo msilifungue kabisa! Linaweza kushika stima hata baada ya kuchomolewa.

Ikiwa inaleta skrini ya buluu yenye maneno tofauti kila siku, ishukuni memori. Gusa kwanza chuma cha kasha, kisha itoe memori na kuirudisha mpaka ishike vizuri. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Windows yenyewe ina kipimo: andika mdsched mahali pa kutafutia, nayo itajiwasha upya na kuipima.

Diski nayo ina dalili zake: faili zinachukua muda mrefu kufunguka, nyingine zinapotea, au unasikia mlio wa ta-ta-ta ndani. Ukisikia mlio huo, acheni kazi nyingine zote. Nakilini kilichobaki, tafuteni diski mpya. Msiilazimishe kujitengeneza, itakufa mkiangalia.

Mwisho ni programu. Jiulizeni: shida ilianza lini, na siku hiyo tuliweka nini? Iondoeni programu hiyo. Pia iwasheni kwa ile njia ya Windows inayoitwa Safe Mode, ambapo inatumia vitu vichache tu. Ikitulia hapo, yaelekea vyuma ni vizima na shida iko kwenye programu. Na flashi iliyotoka nje ipimwe virusi kabla ya kufunguliwa.

Mkishindwa, nendeni kwa fundi, lakini nendeni na ule ukurasa wenu. Mwambieni mmejaribu nini. Mwombeni awarudishie kifaa cha zamani na aandike risiti. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Maswali ya kujadiliana kikundini: Kompyuta ikifa usiku wa leo, hesabu zetu ziko wapi? Nani ana flashi? Na ni watu wangapi, mbali na katibu, wanaojua kuzifungua?