NGOZI YETU NA SHERIA
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Chewele)



Najua wengine mnauliza: chama cha wafanyakazi kina habari gani na mafuta ya kupaka usoni? Nisikilizeni kidogo, kisha mtahukumu wenyewe.

Mfanyakazi wa huku Tana hufanya kazi juani. Ngozi yake nyeusi ndiyo nguo ya kwanza aliyopewa na Mungu kwa kazi hiyo. Lakini madukani vinauzwa vikopo vya kuchubua ngozi, na fedha iliyopatikana kwa jembe inakwenda huko. Anayejichubua huivua ile nguo, kisha hurudi shambani kwenye jua lile lile.

Tena hatari haiishii usoni. Mwaka 1972 madaktari wa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, waliandika habari za wagonjwa 60 wa figo. Katika hao, 32 walikuwa wakijipaka krimu zenye zebaki. Zebaki hupenya ngozi, huingia katika damu, na huharibu figo. Wengine walipoacha kujipaka, walipata nafuu.

Huko Afrika Kusini, mwaka 1975, daktari wa ngozi G. H. Findlay na wenzake walionyesha kwamba haidrokwinoni, dawa ya kuchubua, huleta madoa meusi ambayo ni taabu kuyaondoa. Madaktari wa ngozi hawakukaa hospitalini wakingoja wagonjwa. Walidai sheria. Wenye viwanda wakawapinga. Serikali kwanza ikapunguza tu kiwango cha dawa hiyo kikawa asilimia 2. Madaktari wakarudi tena, pamoja na watu waliopinga ubaguzi wa rangi, mpaka mwaka 1990 krimu za kuchubua zikapigwa marufuku. Ndugu zangu, kazi hiyo sisi tunaijua: kudai, kupewa nusu, kurudi tena.

Hapa Kenya sheria ipo. Tangazo la Serikali la mwaka 1998 lilikataza vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi. Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kukomesha vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Mbona basi vikopo bado vinauzwa? Kwa sababu sheria haina miguu. Iliyoandikwa Nairobi haitembei yenyewe mpaka Chewele. Lazima watu waichukue.

Nina maombi matatu.

La kwanza, kikopo kisichoandikwa vitu vilivyomo ndani yake, tusikinunue. Na aliyekwisha kujichubua asichekwe. Apelekwe kwa daktari, maana krimu nyingine zina steroidi, na kuziacha ghafula bila shauri kwaweza kumzidishia taabu.

La pili, wenye maduka ni ndugu zetu. Tusianze kwa kuwashtaki. Tuwaendee kwanza, tuwaeleze sheria, tuwaombe waondoe vikopo hivyo. Atakayekataa, basi habari zake zifike kwa mkaguzi wa afya.

La tatu, tawi letu lipeleke ombi katika Bunge la Kaunti, Hola. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki hiyo, na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yasema mnunuzi ana haki ya kulindwa afya yake. Tudai maduka yakaguliwe, na zahanati zetu zitembelewe na mtaalamu wa ngozi. Si jambo la kuomba kwa kupiga magoti, ni haki yetu.

Huenda tukajibiwa nusu. Tukijibiwa nusu, tutarudi tena.

Barua imekwisha andikwa, iko mezani kwa Katibu. Anayejua kuandika atie sahihi. Asiyejua atie dole gumba, nalo lina nguvu sawasawa.